Kiu Hii Haingoji: Maswali ya Wajawazito Wanaoacha Sigara

Barua za safari hii karibu zote zinaanza vivyo hivyo: mwandishi anaomba radhi kwanza, ndipo aulize. Hapa hakuna wa kuombwa radhi. Majina tumeyaacha, maswali marefu tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nina mimba ya wiki 9. Mwaka juzi niliacha sigara kwa miezi minne bila taabu kubwa. Safari hii nimejaribu mara tatu na sijafika hata jioni. Harufu yenyewe inanitapisha, lakini hamu haiishi. Ni mimba hii, au ni mimi nisiye na msimamo? (Mama Kijacho)

Ni mimba, dada. Kwa mtu asiye na mimba, nikotini iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ukishika mimba, ini huvunja nikotini kwa kasi zaidi, na uwezo wa mwili wa kuondoa nikotini hupanda kwa takriban asilimia 60. Sigara ile ile iliyokuwa ikikutuliza tangu asubuhi hadi saa tano sasa inakuisha mapema, na ubongo unaanza kudai. Ndiyo maana wapo wanaojikuta wameongeza sigara mimba ilipoingia, wasijue kwa nini.

Kuichukia harufu hakuipunguzi kiu. Harufu ni kazi ya pua, ambayo mimba imeinoa. Kiu ni ya ubongo uliozoea kupata nikotini ndani ya sekunde chache baada ya kila pafu. Unaweza kutapika kwa harufu ya sigara na bado ukaitamani. Hapo hakuna unafiki wowote.

Kinachokukwamisha ni kwamba hujawahi kuvuka siku ya kwanza, kwa hiyo umeona upande mbaya tu wa safari. Arosto ya sigara huanza saa chache baada ya ile ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka polepole ndani ya wiki mbili hadi nne. Chagua siku ya kuanza kwa hesabu hiyo: siku ya pili na ya tatu ziangukie siku zenye kazi chache, wageni wachache na usingizi wa kutosha. Anayeanza Jumatatu kwa sababu tu ni Jumatatu, wakati Jumanne na Jumatano ndizo siku zake za pilikapilika, amejitegea mtego mwenyewe.

Halafu tazama sigara yako ya kwanza ya siku. Kama unaivuta ndani ya nusu saa tangu uamke, uraibu wako ni mzito na pengine utahitaji msaada zaidi ya nia. Soma huko chini jibu la bandiko la nikotini, lile la kubandikwa kwenye ngozi, na chingamu yake.

Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, anasema mtoto ameshaizoea sigara. Nikiacha ghafla atashtuka na mimba itaharibika. Anashauri nipunguze kidogo kidogo mpaka nijifungue. Nimeshuka kutoka sigara 15 hadi 4. Je, inatosha?

Mtoto hashtuki. Hakuna ushahidi kwamba kuacha kwa mkupuo huharibu mimba. Arosto ni mateso ya mama, na kwa mtoto moshi kukoma ni nafuu.

Mbaya zaidi kwenye moshi ni hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inapoingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Himoglobini iliyoshikwa hivyo ni kama basi lililojaa kabla halijafika kituoni. Damu ya mtoto huihifadhi hewa hiyo kwa kiwango cha juu kuliko damu ya mama, tena huiachia polepole zaidi. Nikotini nayo huibana mishipa, na kondo la nyuma likipata damu kidogo chakula cha mtoto nacho kinapungua. Kwa wastani, watoto wa mama wanaovuta huzaliwa wakiwa wepesi kwa takriban gramu 200. Pia huongezeka hatari ya mimba kutoka, kondo kubanduka kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa njiti na mtoto kufia tumboni.

Ukiacha leo, kaboni monoksidi kwenye damu yako hupungua kwa nusu kila baada ya saa nne hadi sita. Baada ya siku moja au mbili imekwisha. Hakuna vitamini wala chakula kitakachompa mtoto oksijeni kwa kasi hiyo.

Kutoka 15 hadi 4 si kazi ndogo, hongera. Tatizo la kupunguza ni kwamba mwili ni mjanja. Mwenye sigara nne huvuta pafu refu zaidi, hulishikilia kifuani na hufika mpaka kwenye kichungi. Idadi imeshuka, ila moshi haukushuka kwa kiasi hicho. Isitoshe, sigara nne kwa siku ni sawa na kuanza arosto upya mara nne kila siku, kwa muda wa miezi. Aliyeacha kabisa huipita mara moja. Chukua hizo nne kama ngazi ya wiki moja, kisha uchague siku ya kuzimaliza.

Na wale wanaohamia sigara "nyepesi" wajue kwamba wepesi huo hutokana na vitundu vidogo kwenye kichungi vinavyoingiza hewa mashine ya kupimia inapovuta. Mtu huviziba kwa vidole na midomo.

Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba kliniki ndiyo iliyokuagiza uache mara moja, kisha umpe kazi. Mwombe akupigie simu kila jioni kwa siku tano za mwanzo. Wakwe wengi huacha kupinga jambo wakipewa sehemu yao humo.

Kiu ikinishika nifanye nini hasa? Nimeambiwa ninywe maji. Nimekunywa mpaka naelea. (Nimechoka Kujificha)

Maji yana faida yake, lakini hayana nikotini, na kwa mjamzito tumbo lililojaa maji huleta kiungulia. Meza mafunda machache tu.

Kabla ya siku ya kuacha, fanya zoezi la siku mbili. Funga pakiti yako kwa karatasi na mpira. Kila unapotaka kuvuta, andika kwanza saa, mahali, na mara ya mwisho ulikula lini, ndipo ufungue. Baada ya siku mbili utaona kwamba unachokiita kiu ya sigara ni vitu vinne vilivyovaa nguo moja: nikotini yenyewe, njaa, uchovu na mazoea. Kila kimoja kina dawa yake, na wengi hushindwa kwa sababu wanakitibu kimoja kwa dawa ya kingine.

Njaa ndiyo hujificha vizuri kuliko vyote. Nikotini hupunguza hamu ya kula. Ukiiacha, njaa inarudi, na mimba nayo huishusha sukari ya damu haraka mama asipokula. Mikono inatetemeka, hasira ziko juu juu, kichwa chepesi, na wewe unasema "nahitaji sigara". Kula kitu kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama ni tunda na njugu kiganjani. Kiu ikija, jiulize kwanza ulikula saa ngapi. Kama ni zaidi ya saa tatu, kula, subiri dakika kumi, kisha uamue.

Mazoea yana mahali na saa yake: baada ya mlo, kwenye simu, kwenye ngazi za nyuma za kazini. Hapa usishindane na hamu, badili mpangilio. Ukimaliza kula, inuka mezani kabla dakika haijaisha ukapige mswaki. Sigara baada ya dawa ya meno haina ladha. Angalizo moja: kama umetapika, suuza mdomo kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya mswaki, maana asidi ya tumboni imelainisha meno na mswaki utayakwangua. Simu ipokee ukiwa umesimama mahali pengine, na mkono wa pili uwe na kitu cha kushika.

Uchovu hautibiki kwa ujanja. Lala, hata robo saa.

Sasa nikotini yenyewe. Wimbi moja hudumu dakika tatu hadi tano, mara chache kumi. Linapanda, linakaa juu, linashuka hata kama hukuvuta. Unapokuwa juu yake huamini kwamba litashuka, kwa hiyo tumia saa ya ukutani badala ya imani. Tazama mshale, ondoka hapo ulipo, kisha pumua kwa puani huku ukihesabu nne, toa kwa mdomo polepole ukihesabu sita, mara kumi. Hapo dakika moja na nusu imepita. Sehemu ya raha ya sigara ilikuwa kupumua kwa kina, na hilo unaweza kulipata bila moto. Ukihisi kizunguzungu, kaa chini na upumue kawaida. Dakika zilizobaki tembea kwa mwendo wa kuharakia, osha vyombo, menya tunda, tafuna kipande cha karoti. Chochote kinachoshughulisha mkono na mdomo pamoja kinafaa.

Na tafadhali usiweke pakiti kabatini "kujipima nguvu". Mwaga zote, pamoja na vipisi kwenye kisahani cha majivu, na kiberiti cha mkobani pia. Kiu ni ya dakika tano, na safari ya dukani ni ya dakika kumi. Tofauti hiyo ndiyo inayokulinda.

Nimeacha siku ya sita leo. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, silali. Sigara nimeshaizoea kutokuwepo lakini kahawa ndiyo rafiki yangu, vikombe vinne. Hii ni arosto bado?

Inawezekana ni kahawa. Lami ya moshi, si nikotini, hulichochea ini kuvunja kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kasi hiyo inaondoka ndani ya siku chache. Mimba nayo huchelewesha uvunjaji wa kafeini, na kadiri inavyokua ndivyo inavyochelewesha zaidi. Vikombe vinne vya leo vinakupiga kuliko vinne vya mwezi uliopita. Wajawazito wengi hushauriwa wasizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, kiasi cha vikombe viwili vidogo vya kahawa ya unga wa papo kwa papo. Chai na soda nyeusi vinahesabiwa humo humo. Shuka kwa kikombe kimoja kila siku mbili ili kichwa kisiume, na cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ini, anayetumia dawa za pumu zenye theofilini au dawa za maradhi ya akili kama klozapini na olanzapini amwambie daktari siku anayoacha sigara. Kipimo cha dawa huenda kikahitaji kupunguzwa. Usikipunguze mwenyewe.

Mume wangu ameniletea bandiko la nikotini na chingamu ya nikotini kutoka duka la dawa. Nina wiki 17. Naogopa: si nikotini ni ile ile?

Ni ile ile, bila moshi. Hamna kaboni monoksidi, hamna lami. Msimamo unaokubalika na wataalamu wengi ni kwamba kuacha bila dawa yoyote ndiyo bora, lakini aliyejaribu akashindwa ni heri atumie nikotini ya dawa kwa usimamizi wa kliniki kuliko kuendelea kuvuta. Majaribio kwa wajawazito yameonyesha faida ya kiasi, hasa ikiambatana na ushauri, na hayajaonyesha madhara kwa mtoto. Kwa hiyo usibandike kesho asubuhi. Peleka pakiti hizo kliniki kwanza, useme unavuta ngapi na ya kwanza saa ngapi.

Mkikubaliana, haya ndiyo yanayoharibika mara nyingi.

Bandiko la mjamzito ni la mchana. Chagua la saa 16. Kama una la saa 24, libandue unapokwenda kulala ili mtoto apumzike na nikotini usiku. Bandika kwenye ngozi kavu isiyo na nywele wala mafuta, sehemu ya juu ya mkono au nyongani, ukandamize kwa kiganja sekunde kumi, na kesho ubadili mahali. Wekundu kidogo na muwasho ni kawaida. Malengelenge si kawaida. Kwa kuwa ulilibandua usiku, asubuhi damu yako haina nikotini, na bandiko jipya huchukua saa kadhaa kufikia nguvu yake. Saa hizo ndizo wanazoangukia wengi, wakisema "bandiko halifanyi kazi". Hapo ndipo penye nafasi ya chingamu, kama mtaalamu ameruhusu vyote viwili.

Chingamu ya nikotini haitafunwi kama pipi. Tafuna polepole mpaka ladha iwe kali au ulimi uwashe, kisha iegeshe kati ya ufizi na shavu. Ladha ikififia, tafuna tena, uegeshe tena, kwa nusu saa hivi. Nikotini hii huingia kupitia ngozi ya ndani ya shavu. Ukiitafuna mfululizo unaimeza na mate, na matokeo yake ni kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, mambo ambayo mjamzito tayari anayo ya kutosha. Robo saa kabla yake usinywe kahawa, soda wala maji ya matunda, kwa sababu asidi huizuia nikotini isipenye. Kwa kawaida anayevuta ya kwanza baada ya nusu saa tangu aamke huanzia chingamu ya miligramu 2, na anayevuta mapema zaidi hupewa ya miligramu 4. Zenye ladha ya likorisi, mmea mtamu wa kutia ladha, ziache. Mwenye kutapika sana hupata nafuu zaidi na bandiko, kwa kuwa halipiti mdomoni.

Kosa la mwisho ni uoga: kutafuna mbili kwa siku au kubandua bandiko baada ya siku nne. Kumbuka mwili wako unaichoma nikotini haraka. Dozi ndogo mno inakupa hofu ya dawa na kiu ya sigara kwa pamoja. Na bandiko si la kuvaa huku ukiendelea kuvuta.

Vidonge vya varenikilini na bupropioni, ambavyo husaidia watu wengine kuacha, kwa kawaida havitolewi kwa wajawazito. Usiazime vya mtu.

Nilivuta wote wawili wa kwanza. Walizaliwa wazima, na uchungu ulikuwa mwepesi kwa kuwa walikuwa wadogo. Kwa nini nihangaike na huyu wa tatu?

Udogo wao huenda ndiyo alama yenyewe. Aliyedogoka kwa kukosa oksijeni si lazima awe na kichwa kidogo cha kukurahisishia. Ana akiba ndogo ya mafuta na sukari ya kuvukia siku za mwanzo, na uchungu wenyewe humchosha upesi. Wawili kuvuka salama hakumpi wa tatu kinga. Hatari haikumbuki.

Mimi ndiye mume, na ndiye ninayevuta. Mke wangu ameacha. Navutia mlangoni, dirisha wazi, feni inazunguka. Nimefanya vya kutosha? (Baba Mtarajiwa)

Bado, bwana. Sehemu kubwa ya moshi wa sigara haionekani kwa macho, na chembe zake huelea chumbani kwa saa kadhaa hata dirisha likiwa wazi. Feni inausambaza tu. Mlangoni upepo huurudisha ndani. Vutia nje kabisa, mbali na mlango na madirisha, wala si ndani ya gari hata kama mkeo hayumo. Vaa shati au koti la kuvutia tu na lisiingie chumbani. Ukirudi, nawa mikono na uso na usukutue mdomo.

Hilo ni la moshi. Kwa mkeo kuna la pili. Pakiti yako juu ya meza ni kiu yake ya saa nne usiku. Mwanamke anayeishi na mvutaji huona ugumu zaidi kuacha, na akiacha ni rahisi kurudi. Pakiti yako ikae mahali asipopajua. Usimhesabie siku, usimnuse, na siku ya pili na ya tatu akikufokea kwa sababu ya kijiko, mpishe. Wewe huna mimba, kwa hiyo hata vile vidonge unaweza kumuuliza daktari kama vinakufaa. Mkiacha siku ile ile mtagombana zaidi wiki ya kwanza na kidogo zaidi mwezi wa pili.

Sivuti sigara, navuta shisha Jumamosi tu. Dada yangu anatumia ugoro. Hatumo katika habari hii, sivyo?

Mumo. Maji ya shisha huupoza moshi, hayauchuji. Makaa huongeza kaboni monoksidi yake juu ya ile ya tumbaku, na kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kupitisha kifuani moshi wenye ujazo wa mara 100 ya ule wa sigara moja, au zaidi. Ubaridi wake ndio unaomfanya mtu avute kwa kina bila kukohoa.

Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, ila nikotini yake hukaa mwilini muda mrefu na vimehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito pungufu au kufia tumboni. Arosto yake hupoa kwa njia zile zile tulizoeleza. Sigara ya kielektroniki haina kaboni monoksidi, lakini usalama wake kwa mimba haujathibitishwa. Asiyeitumia asianze.

Tangu niache nina hamu ya kutafuna barafu na udongo. Kliniki wanasema damu imeshuka, kutoka 11.4 hadi 10.9. Kuacha sigara kumenipunguzia damu?

Hapana, kumeondoa pazia. Mwili wa mvutaji hutengeneza himoglobini ya ziada kufidia ile iliyotekwa na kaboni monoksidi, kwa hiyo kipimo husoma juu kuliko hali halisi. Mimba yenyewe pia huongeza maji ya damu na kushusha namba. Hamu ya barafu au udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Waambie kliniki wazi kwamba unayo, na kwamba ulikuwa unavuta. Barafu haina neno zaidi ya kuumiza meno. Udongo uache, kwani unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi, na huzuia chuma kufyonzwa.

Ukipewa vidonge vya chuma, jiandae kwa choo kigumu. Kuacha sigara huleta choo kigumu kwa wiki kadhaa, mimba huleta, chuma huleta. Vitatu pamoja vimewarudisha watu kwenye sigara ya chooni asubuhi. Ongeza matunda, mboga, nafaka isiyokobolewa na maji kuanzia siku ya kwanza, usingoje kukwama.

Vidonda mdomoni, kikohozi, ndoto za ajabu na hasira ni vya arosto na vitapita. Kutokwa damu ukeni, homa, kichwa kikali chenye ukungu wa macho, au mtoto kupunguza kucheza si vya arosto hata kidogo. Hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo. Na huzuni isiyoinuka baada ya wiki mbili ipeleke kliniki.

Mimi ni mkunga, mwaka wangu wa pili kazini. Ninajua baadhi ya mama wananificha. Niulizeje?

Swali "unavuta?" limejaa hukumu, na jibu rahisi ni "hapana". Wape machaguo: sijawahi kuvuta, nilivuta nikaacha kabla ya mimba, niliacha nilipojua nina mimba, navuta lakini nimepunguza, navuta kama zamani. Swali la namna hii hufichua wengi zaidi, kwa sababu ngazi ya "nimepunguza" inampa mtu mahali pa kusimama. Kama mna kifaa cha kupima kaboni monoksidi kwenye pumzi, mpime kila mama, si unayemshuku. Uingereza mjamzito anayepuliza sehemu 4 au zaidi za hewa hiyo kwa kila sehemu milioni za pumzi huelekezwa kwenye huduma ya kuacha sigara. Lakini soma namba kwa akili: jiko la mkaa ndani ya nyumba huipandisha kwa asiyevuta, na aliyevuta jana asubuhi anaweza kupuliza chini. Na ukipata namba kubwa kwa asiyevuta, hilo jiko ni hatari yenyewe. Mwambie.

Nilikaa siku 19. Juzi baada ya ugomvi nimevuta mbili. Nimeharibu yote?

Kuteleza si kuanguka. Siku 19 zimeshapunguza mizizi, na mbili hazirudishi yote. Kinachorudisha ni ile ya tatu, inayovutwa kwa hoja kwamba "nimeshaharibu". Tupa zilizobaki sasa, si ukizimaliza. Andika kilichotangulia: saa, mtu, chakula, usingizi. Usianze hesabu upya; leo ni siku ya 21 yenye sigara mbili ndani yake.

Wiki ya 31. Nimechelewa?

Hujachelewa. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba walioacha kabla ya wiki 15 hawakuzaa njiti wala watoto wadogo mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya kuhimiza mapema. Lakini uzito mwingi wa mtoto huwekwa miezi mitatu ya mwisho, na oksijeni yake inarudi ndani ya siku mbili. Una wiki tisa hivi za kumnenepesha.

Nimejifungua wiki tatu zilizopita. Nilikaa miezi sita bila sigara na sasa naitaka kuliko siku ya kwanza. Nikivuta, niache kunyonyesha?

Usiache kunyonyesha. Nikotini hupita kwenye maziwa na nusu yake huondoka kila baada ya saa moja na nusu hivi, kwa hiyo aliyeshindwa kabisa avute mara tu baada ya kunyonyesha, si kabla, nje ya nyumba, na abadili nguo ya juu kabla ya kumpakata mtoto. Mtoto alale chali, kitandani kwake. Katika nyumba yenye mvutaji, mtoto kulala kitanda kimoja na wazazi huongeza hatari ya kifo cha ghafla.

Kuhusu kiu yenyewe, wengi walioacha wakiwa wajawazito hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Kichefuchefu kilichokuwa kinakulinda kimeondoka, usingizi hakuna, na uliacha "kwa ajili ya tumbo" ambalo sasa ni tupu. Mwili wako lakini umebadilika kwa faida yako: miezi sita bila nikotini ina maana kwamba hii si arosto, ni mazoea na uchovu. Dawa ya uchovu ni mtu wa kumshika mtoto saa mbili kila siku, saa ile ile, wewe ukalale. Dawa ya mazoea ni ile karatasi ya saa, mahali na chakula. Ifungue tena, kwa sababu saa zako za hatari sasa ni mpya. Mara nyingi ni baada ya nyonyo la usiku wa manane, ukiwa macho peke yako. Weka kitu cha kula na maji kando ya kiti hicho kabla hujalala.